Maktaba Inaponena

Watu wengi wakisikia neno maktaba hukumbuka kwanza kimya. Hukumbuka meza ndefu, tangazo ukutani likatazalo makelele, na mtunza vitabu ainuaye macho kila kiti kinapokwaruza sakafu. Kimya hicho kina sababu yake, maana mtu asomaye anazungumza na mtu asiyekuwapo, na mazungumzo ya namna hiyo hayapendi kuingiliwa. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba katika karne hii maktaba zimeanza kunena. Maktaba za umma katika miji mingi ya ng'ambo sasa zina podikasti zao, yaani vipindi vya sauti vinavyorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti, ili kila mtu avisikilize saa aitakayo. Wakutubi huketi mbele ya kinasa sauti wakazungumza juu ya vitabu walivyosoma, filamu walizotazama, na historia ya mitaa wanamofanya kazi.

Insha hii yakusudia kuvipima vipindi vya namna hiyo kama tupimavyo shairi au tamthilia. Kipimo changu ni swali moja: maktaba inaponena, yasema nini ambacho mtu mwingine hawezi kukisema? Kusifu kitabu si kazi ngumu. Mwenye duka hukisifu apate kukiuza, mchapishaji hukisifu arudishiwe gharama zake, na rafiki wa mwandishi hukisifu kwa ajili ya urafiki. Maktaba haiuzi kitu. Mali yake ni mbili tu: rafu zilizojazwa kwa miaka mingi, na mlango ambao umma huupita. Kipindi cha maktaba kisiposimama juu ya viwili hivyo ni gumzo tu, na baraza zetu hazijapungukiwa na magumzo.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa makini. Mwaka 2016 Maktaba ya Umma ya New York ilianzisha kipindi kiitwacho The Librarian Is In, ndiyo kusema, mkutubi yumo, mwingie. Walioanza nacho walikuwa wakutubi wawili, Gwen Glazer na Frank Collerius, na baadaye sauti nyingine zikaingia. Kipindi hakina muziki mwingi wala mbwembwe. Ni watu wawili wanaoelezana walichosoma, na mara nyingine mgeni wa tatu huja akaketi nao. Hawasomi maneno yaliyoandikwa mbele yao. Husitasita, hucheka, hujikatiza na kurudi nyuma, kama wafanyavyo watu waliozoeana.

Sifa kubwa ya kipindi hiki ni kwamba wasemaji wake hawalazimiki kukubaliana. Mmoja hukileta kitabu kwa furaha, na mwenziwe akakiri kwamba hakikumgusa. Hapo ndipo uhakiki unapoanza. Hagombani naye, wala hamdhihaki, hutafuta sababu. Je, ni mtindo uliomchosha? Je, ni mhusika aliyemwona kuwa wa uongo? Au kitabu kilimkuta katika siku ambazo moyo wake haukuwa tayari nacho? Niliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wangu wa ualimu sehemu ya mazungumzo hayo, na jambo lililowashangaza halikuwa lafudhi ya wasemaji. Lililowashangaza ni kumsikia mtu ambaye kazi yake ni vitabu akisema hadharani kwamba kitabu fulani hakumpendeza nacho. Nadhani najua asili ya mshangao wao. Sisi walimu tumewazoeza wanafunzi kukikabili kitabu cha mtihani kama mgeni wa heshima: maudhui haya, dhamira hizi, wahusika hawa, sifa zao sita, basi. Mwanafunzi apitaye mtihani huo aweza kumaliza masomo yake pasipo hata siku moja kuulizwa kama kitabu chenyewe ni kizuri.

Lakini kipindi hiki kina upungufu wake, nami sitauficha. Mazungumzo ya utangulizi hurefuka. Msikilizaji aliyekuja kutafuta kitabu hana budi kwanza kupita katika hali ya hewa na habari za nyumbani, na uvumilivu wake hupungua. Wapo waupendao utani huo, husema kwamba ndio unaomfanya mkutubi aonekane binadamu. Hayo ni kweli kwa kadiri, lakini chumvi ikizidi mchuzi haunyweki. Tena, aghalabu wasemaji huja na vitabu wavipendavyo, na desturi ya kupendekeza huizaa desturi ya kusifu. Kule kutokubaliana nilikokusifu juu si kwa kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Kenya atalihisi upesi kuliko mwanafunzi wa New York. Msikilizaji wa kule akisikia jina la kitabu aweza kukiweka oda maktabani kwa simu yake, na baada ya siku chache akakichukue katika tawi lililo karibu na nyumba yake. Maktaba ile ina matawi zaidi ya 80 katika sehemu tatu za jiji, yaani Manhattan, Bronx na Staten Island. Na tangu mwaka 2021 imefuta kabisa faini za vitabu vinavyochelewa kurudishwa. Sauti ya kipindi, basi, ina rafu nyuma yake, na rafu ina mlango ulio wazi. Msikilizaji wa Marsabit au wa Kwale aweza kuisikia sauti hiyo hiyo kwa usafi ule ule, lakini ikishanyamaza hana mahali pa kwenda. Amepewa kiu bila kuonyeshwa kisima. Sisemi haya ili kuwalaumu wakutubi wa New York. Wao waliwasemesha watu wao. Nasema ili tusidhani kwamba tukiwa na vinasa sauti tumekwisha kuwa na maktaba. Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipoanza kuwapelekea watu wa Garissa vitabu kwa ngamia mwaka 1996, haikuanza na sauti. Ilianza na masanduku ya vitabu.

Sasa natoka kwenye sauti niende kwenye picha, maana maktaba hiyo hiyo imetengenezewa filamu, na kuzilinganisha sanaa hizi mbili kutatufunulia jambo. Mwaka 2017 Frederick Wiseman alitoa filamu iitwayo Ex Libris. Ni filamu ya kweli, isiyo na waigizaji, na urefu wake ni dakika 197. Namwonya mwanafunzi mapema: ni saa tatu na robo bila msimulizi. Hakuna sauti inayotuambia tuko wapi, wala maandishi yanayotutajia jina la msemaji. Kamera inaingia chumbani, inakaa, inasikiliza, kisha inatoka. Twaona wakuu wa maktaba wakijadili fedha. Twaona watoto wakifanya kazi zao za shule. Twaona watu wakiazimwa vifaa vya intaneti vya kwenda navyo nyumbani. Twamwona mkutubi akijibu simu za watu wenye maswali ya kila aina, na mmoja ameuliza juu ya mnyama wa hekaya mwenye pembe moja, naye anajibiwa kwa adabu kwamba mnyama huyo hakupata kuwako. Twamwona pia mtu akisoma kitabu kwa sauti ndani ya chumba cha kurekodia, kwa ajili ya wasioona. Sehemu hiyo ni fupi, lakini yatukumbusha kwamba maktaba ilikuwa na sauti muda mrefu kabla podikasti haijazuliwa, na kwamba sauti ile ilianza kama huduma kwa mtu aliyefungiwa kurasa.

Tofauti ya filamu na podikasti ni hii: katika podikasti maktaba yasema, katika filamu maktaba yasikiliza. Na pale ambapo filamu imefika juu kabisa, kwa maoni yangu, ni katika tawi dogo la Harlem, mahali ambapo wakazi wamekaa kwa mduara na kuzungumza na mkuu mmoja wa maktaba. Wanazungumza juu ya ujirani wao, maduka yao, na watoto wao. Kisha linaingia suala la kitabu cha shule kilichowaelezea Waafrika waliopelekwa Marekani kwa nguvu kana kwamba walikuwa wafanyakazi waliohamia huko. Neno moja tu, wafanyakazi mahali pa watumwa, na historia ya watu mamilioni inapinduliwa. Chumba ni kidogo, viti ni vya kawaida, hakuna profesa anayehutubu kutoka jukwaani; lakini hapo ndipo maktaba inapoonekana ni nini. Ni mahali ambapo mtu wa mtaa aweza kukipinga kitabu kwa kukileta kitabu kingine. Mtengenezaji wa filamu hakuiongezea sehemu hiyo neno lake hata moja. Alijua kuinyamazia.

Ikiwa kuna kosa katika filamu hiyo, ni kwamba imependa mno vikao vya wakuu. Mara kwa mara twarudishwa kwenye meza ile ile, na watu wale wale, na hoja ile ile ya fedha za jiji na fedha za wahisani. Wapo watakaosema kwamba ndivyo maktaba ilivyo, kwamba bila vikao hivyo mlango ungefungwa. Nakubali. Hata hivyo, ningeliwakatia wakuu nusu saa na kuwapa wakazi wa Harlem.

Nimetaja mtaa, na hapo twafika kwenye sehemu ya tatu ya mambo ambayo vipindi hivi hujishughulisha nayo, yaani historia ya mahali. Naona kwamba hii ndiyo iliyo muhimu kupita zote, na ndiyo ambayo kipindi cha The Librarian Is In hakikuipa nafasi ya mbele, kwa kuwa shabaha yake ilikuwa kitabu cha kusomwa baadaye. Kitabu kipya chaweza kupatikana popote. Habari za mtaa hazipatikani popote; ziko katika magazeti yaliyojalidiwa, katika ramani, katika picha zisizo na majina, na katika kumbukumbu za wazee. Mtunzaji wa hazina hiyo mara nyingi ni maktaba, na asiponena yeye, hakuna mwingine wa kunena.

Hebu tuitazame nyumba ambayo Frank Collerius alikuwa msimamizi wake. Ni tawi la Jefferson Market, katika mtaa wa Greenwich Village. Jengo lake la matofali mekundu, lenye mnara na saa, lilijengwa kati ya mwaka 1874 na 1877, na halikujengwa kuwa maktaba. Lilikuwa mahakama. Chumba cha chini chenye matao ya matofali, ambamo leo watu hutafuta marejeo, ndimo washitakiwa walimokuwa wakingoja kuitwa mbele ya hakimu. Mahakama ilipohama mwaka 1945, jengo likaachwa, na baadaye likakaribia kubomolewa. Wakazi wa mtaa ndio waliolipigania. Walianza na saa ya mnarani, wakataka itengenezwe iende tena, kisha wakadai jengo zima. Na mwaka 1967 likafunguliwa kuwa maktaba. Ubavuni mwake palikuwa na gereza la wanawake, lililofunguliwa mwaka 1932. Angela Davis alifungwa humo kwa muda mwaka 1970. Gereza lilifungwa mwaka uliofuata, likabomolewa baadaye, na mahali pake sasa pana bustani ya maua.

Fikiri, msomaji, kipindi kimoja tu juu ya nyumba hiyo: mkutubi ameketi mahali pa mshitakiwa, dirishani kwake pana bustani iliyoota juu ya gereza, na mezani pake pana vitabu walivyoandika watu waliopata kuonja kifungo. Hapo kitabu, filamu na historia ya mahali havingekuwa mambo matatu tena. Hakuna mwenye duka awezaye kukitengeneza kipindi hicho.

Sasa nataka kueleza habari mbili za zamani ambazo, nijuavyo mimi, hazisimuliwi pamoja mara nyingi, nazo zatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 1926 Maktaba ya Umma ya New York ilinunua mkusanyo wa Arturo Schomburg, mtu mweusi aliyezaliwa Puerto Rico mwaka 1874. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mwalimu wake alimwambia kuwa watu weusi hawana historia, naye akatumia maisha yake yote kumjibu. Hakumjibu kwa hotuba. Alimjibu kwa kukusanya vitabu, hati na picha, maelfu kwa maelfu, na mkusanyo huo ukawekwa katika tawi la Barabara ya 135 huko Harlem. Fedha za kuununua, dola 10,000, zilitolewa na Carnegie Corporation.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1931, katika Nairobi ilifunguliwa Maktaba ya McMillan, ile yenye nguzo kubwa na sanamu mbili za simba mlangoni, katika mtaa wa Banda karibu na Msikiti wa Jamia. Bibi Lucie McMillan aliijenga kuwa ukumbusho wa mumewe, William Northrup McMillan, mlowezi tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekufa mwaka 1925 na kuzikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa Carnegie Corporation, shirika lile lile. Na maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aweza kuwa alibeba mawe ya nguzo zake, aweza kuwa alifagia sakafu yake kila asubuhi, lakini kuketi na kusoma hakuruhusiwa, wala Mhindi hakuruhusiwa, hata ilipofika mwaka 1958. Baraza la Jiji liliichukua mwaka 1962, na hapo ikawa mali ya umma.

Basi shirika moja, katika muda wa miaka mitano, lilisaidia kuihifadhi historia ya watu weusi katika Harlem, na likasaidia kuijenga nyumba ya vitabu iliyowafungia watu weusi mlango katika nchi yao wenyewe. Sitaki kulifanya jambo hili kuwa jepesi kuliko lilivyo. Sijui neno moja liwezalo kulieleza, wala unafiki peke yake haulielezi, maana waliotoa fedha kule na waliopanga masharti huku hawakuwa watu wamoja. Lakini najua ni nani anayepaswa kulisimulia. Ni maktaba yenyewe, kwa sauti yake yenyewe, kwa kuwa ushahidi umo ndani ya rafu zake: magazeti ya kikoloni yamejalidiwa humo, na matangazo, na barua za wasomaji, na picha za sherehe ambazo mtu mweusi huonekana ukingoni akishika sinia.

Kazi ya kuifufua nyumba hiyo imekwisha kuanzwa. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange, ambaye ni mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, aliyekuwa mchapishaji, waliunda shirika la Book Bunk kwa ajili ya kuikarabati McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Safari yao imetengenezewa filamu, How to Build a Library, ya Maia Lekow na Christopher King, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2025. Jina la filamu lina maana ya namna ya kujenga maktaba, nalo latosha kuzusha mjadala darasani: je, maktaba iliyojengwa mwaka 1931 yaweza kujengwa upya bila kuzungumza na watu wa mwaka 1931?

Mtu aweza kuniuliza, kipindi cha maktaba ya Kenya kingekuwaje hasa? Nitatoa mfano kutoka pwani, maana huko naona kitambaa kizima kimefumwa tayari. Mwaka 1934 kilichapishwa kitabu kidogo cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, cha James Mbotela. Chasimulia habari za watu waliotekwa bara wakapelekwa pwani, wakakombolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakakaa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Kitabu hicho kimesomwa sana na pia kimelaumiwa sana. Walaumuo husema kwamba Mwingereza ndani yake ni mkombozi mtupu, na Mwarabu ni mkatili mtupu, kana kwamba hakukuwa na biashara ya watumwa katika bahari nyingine chini ya bendera ya huyo huyo Mwingereza. Watetezi hujibu kwamba mwandishi aliandika kama mtoto wa waliokombolewa, na mtu aliyetolewa majini hamuulizi mwokozi wake habari za dhambi zake za zamani. Kuna mjadala hapo wa kutosha wakutubi wawili wasiokubaliana.

Tena kijiji chenyewe bado kipo. Kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya wakazi kwamba wateka watumwa wanakuja imewapa watu jina la mahali, Kengeleni, na maelfu ya abiria hulitaja kila siku kwa utingo wa matatu pasipo kujua lilikotoka. Tena mtu wa ukoo wa James Mbotela, Leonard Mambo Mbotela, ndiye aliyekuwa mtangazaji mashuhuri wa redio yetu ya taifa, na kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966, kilisikilizwa na vizazi hata vitatu. Alifariki mwaka 2025. Mmoja aliandika, mwingine akanena. Na kati yao pana karibu karne nzima ya historia ya Kenya. Mkutubi wa Mombasa akiwa na kinasa sauti, nakala moja ya kitabu, na nauli ya kufika Kengeleni, ana kipindi.

Kwa upande wa filamu, ningependa aanze na The First Grader ya mwaka 2010, inayomhusu Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza katika Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Wengi wameitazama wakalia, na machozi ni ushahidi mbaya. Kazi ya maktaba ingekuwa kuyatoa magazeti ya mwaka 2004 na kuyaweka kando ya filamu, ili msikilizaji apate kuona filamu ilifuata nini, na ilijitungia nini.

Wako wanaoogopa kwamba sauti itaua usomaji. Husema kijana akishasikiliza saa nzima juu ya kitabu hatakifungua. Siafikiani nao sana. Wazee wetu walisikiliza tenzi zikisomwa kwa sauti kabla ya kuziona zimeandikwa, na kusikiliza hakukuwazuia wenye bahati ya kujua kusoma wasizinakili kwa mikono yao. Linalonitia hofu mimi ni jingine: kipindi cheupe, chenye furaha, chenye kuwapendeza wahisani, kitakachosifu nguzo na simba na samani za kale, na kuruka kutoka mwaka 1931 hadi ukarabati wa leo kama mtu arukaye dimbwi la maji machafu. Kipindi kama hicho kingeweza kurekodiwa vizuri sana, na kisiwe na thamani.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa kipindi cha kwanza cha McMillan kianzie wapi, ningesema kianzie nje, vidatuni, kati ya wale simba wawili, na mtu aliyewahi kupita hapo akijua kwamba haruhusiwi kuingia. Kisha kimfuate ndani, hata kwenye rafu, akachague kitabu atakacho, naye aeleze kwa nini amekichagua. Watu hao wapo bado, katika Kaloleni na Makadara na Pumwani, lakini hawatakuwapo siku zote. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka 1958, mlango ulipofunguliwa, alizaliwa mwaka 1943. Sasa amepita themanini.